Jalapeno zisizowasha: yaliyonikuta mbele ya wakwe

Asalaam aleykum wakuu. Haya yametokea nyumbani kwangu Kikwajuni, na sijatia chumvi.

Mie pilipili siiwezi. Nikionja kidogo tu, kwikwi hunishika na machozi hunitoka.

Tatizo, nimeoa Bwejuu. Kwa wakwe zangu chakula bila pilipili ni cha mgonjwa. Mara ya kwanza kualikwa nilikula mchuzi wa pweza wenye pilipili mbuzi, nikashindwa hata kumshukuru mama mkwe. Tangu hapo mashemeji zangu wawili, Makame na Khatib, wananiita Bwana Kwikwi. Hata msibani.

Sasa nna rafiki anatunza bustani ya hoteli. Akanambia kuna aina ya jalapeno, zile pilipili nene za kigeni, zina umbo la pilipili na harufu ya pilipili, ila haziwashi. Akanipa mbegu.

Nikazipanda uani kwenye ndoo kuukuu za rangi, udongo na samadi ya mbuzi. Zilipotoa maua nikazidisha maji, maua yakapukutika. Nikapunguza, zikashika. Zikatoka kijani, zinang'aa, ukizitazama tu unaogopa.

Ya kwanza nilimpa mke wangu Rahma aonje, maana mie nilikuwa na wasiwasi. Akatafuna, akanitazama kwa huruma.

"Hii ni hoho iliyodumaa," akasema.

Nikafurahi kama nimepata mtoto.

Wakwe walipokuja kula mchana, nikaweka sahani imejaa. Nikachukua moja, nikaitafuna nzima kama tango. Nikachukua ya pili. Makame akaacha kula.

"Shemeji, uko salama?"

"Nshazoea," nikamjibu.

Wakuu, ningeishia hapo ningekuwa mfalme. Lakini Khatib akanyoosha mkono naye aonje. Angeonja tu, sijui wangenipa jina gani jipya.

Kabla hajafika, baba mkwe, Mzee Haji, akaiwahi ile pilipili. Akaitafuna taratibu. Akafumba macho. Akakohoa.

"Kali," akasema. "Khatib, rudisha mkono. Hizi si zako."

Khatib akarudisha mkono.

Mie nikachanganyikiwa. Nikadhani labda moja imetoka kali kwa bahati mbaya.

Baada ya chakula mzee akanifuata uani, akainama kwenye ndoo.

"Miche ipo?"

"Ipo, baba. Lakini hizi, kusema kweli, haziwashi."

"Najua. Mwanangu, mie tumbo lilinikataza pilipili zamani. Kila siku nnaificha chini ya wali. Wale wakijua, hatupumui, mie na wewe."

Nikampa ndoo mbili.

Siku hizi tukikutana tunatafuna sote wawili, na vijana wametulia. Juzi Makame kanipigia simu, sauti ya chini kabisa.

"Shemeji, zungumza na mzee apunguze zile pilipili. Ataumia. Wewe anakusikiliza."

Nikamwambia nitajaribu.

Nilichojifunza: kama utataka kuchukua mbegu, zipande mbali na pilipili kali, nyuki wanachanganya chavua, mbegu zikazaa kali. Na usidhani uko peke yako mezani, yupo mwenzio anaficha yake chini ya wali.

Nyie msioweza pilipili, jitokezeni hapa, hatuchekani. Na watu wa Bwejuu mliomo humu, nakuombeni, uzi huu uishie kwenu.