Vidonda vya Tumbo vya Mama

Nyumbani kwetu Yakobi, nje ya mji wa Njombe, kulikuwa na swali moja ambalo siku ya wageni wa Mama halikuulizwa: "Mdogo wake lini?" Hakuna aliyelikataza kwa mdomo, ilijulikana tu. Mama alikuwa ameulizwa swali hilo kanisani, sokoni, misibani, hata na fundi aliyekuja kuezeka jiko letu. Basi Jumapili yake na wenzake hakutaka kulisikia.

Wageni wenyewe walikuwa wawili tu. Mmoja ni rafiki yake anayeuza sufuria Makambako, ambaye ninamwita Mama Mkubwa kwa kuwa anamzidi Mama umri, ingawa si ndugu yetu. Ana mtoto mmoja, wa kiume, anasoma bweni. Wa pili ni jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefiwa na mke na kumlea binti yake peke yake tangu anatambaa. Baba akiwepo hukaa nao, lakini Baba ni mtu wa viazi na maparachichi, Jumapili yake mara nyingi inaishia shambani. Mwezi mmoja walikutana kwetu, mwezi unaofuata kwa Mama Mkubwa. Walipika, wakala, wakalalamika kuhusu sisi watoto wao.

"Mwenye watoto sita, mmoja akiharibika anasonga mbele," Mwalimu hupenda kusema. "Sisi huyu mmoja akiharibika tumefunga duka."

Mama na Mama Mkubwa walikutana kwenye benchi la hospitali huko Ilembula, mimi nikiwa bado nabebwa, wote wawili wakihangaikia mtoto wa pili. Mtoto hakupatikana. Benchi ndilo lililowaunganisha. Tangu hapo wakawa hawaitani kwa majina ya watoto kama watu wengine, wanaitana "mwenzangu". Mwenzangu, chumvi imezidi. Mwenzangu, huyu wako mbona hacheki?

Huyo asiyecheka ndiye mimi. Nilizipenda Jumapili hizo kwa sababu niliweza kukaa kwenye kigoda karibu na jiko bila kusema neno, na hakuna aliyeniambia nina maringo. Shuleni wanasema nina maringo. Sina. Maneno yangu hufika mdomoni wakati wenzangu wameshahamia habari nyingine.

Mwaka jana Mama Mkubwa alifanyiwa upasuaji, akaondolewa kizazi. Mama alikwenda kukaa naye Makambako, akimwogesha na kumpikia uji, mpaka alipoweza kuinama mwenyewe. Aliporudi alinisimulia jambo moja tu, kwamba Mama Mkubwa alipozinduka alimshika mkono akamwambia, "Basi mwenzangu, sasa tumestaafu." Mama alilia akinisimulia, akacheka, kisha akanituma maji.

Kwa hiyo Mei hii, aliponiita chumbani kwake na kunieleza kuwa ni mjamzito, nilielewa kwa nini uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari njema.

"Nilidhani ni umri, siku zangu zinakatika," alisema. "Nimekwenda kupima, nikarudia tena. Baba yako anajua. Bibi yako anajua. Na wewe sasa unajua. Basi."

"Na Mama Mkubwa?"

"Huyo hasa asijue."

Alisema mimba changa haitangazwi. Alisema mbili zilishatoka huko nyuma, jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa kusikiliza mlangoni lakini hajawahi kuniambia. Akaongeza, "Mtu akikuuliza, mama yako ana vidonda vya tumbo."

Baridi ya Juni ilitusaidia. Mwezi huo Njombe kila mtu ana tumbo: sweta juu ya sweta, koti juu yake, kitenge juu ya koti. Mama alipita sokoni na kanisani bila mtu kumtazama mara mbili. Nilianza kuamini tutafika.

Halafu ikaja Jumapili ya kwetu, na Mama Mkubwa akashuka na mfuko wa dagaa. Walikuwa dagaa wa ziwani, wa Lupingu, alioletewa na shemeji zake. Hakuna kitu Mama alikuwa anakipenda kama dagaa hao.

"Mwenzangu, leo hushiki mwiko," alisema hata kabla hajakaa. "Nakukaangia mimi."

Mama akatabasamu. Mimi nikaangalia jiko. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, na nikaanza kuomba kimoyomoyo uzime.

Tulikuwa tumefunga mlango kwa sababu ya ukungu. Mafuta yakapata moto, vitunguu vikaingia, dagaa wakafuata. Mwalimu alikuwa anasimulia jinsi binti yake alivyomsahihisha Kiingereza mbele ya mkaguzi. Mama alikuwa anacheka pale pa kuchekea, lakini nilimwona anameza mate, anameza tena, ameshika ukingo wa meza. Kisha akasimama taratibu kama mtu anayekwenda kuchukua kitu, akatoka. Akiwa nyuma ya nyumba, penye mianzi, tulimsikia wote.

Mwalimu akapandisha sauti ya simulizi yake. Nilimshukuru, ila haikusaidia.

"Mama yako ana nini?" Mama Mkubwa aliniuliza bila kuacha kugeuza dagaa.

"Vidonda vya tumbo."

Siku hiyo, ajabu, maneno yangu yalifika kwa wakati.

"Vimemwanza lini?"

"Muda kidogo."

"Anatumia dawa?"

"Anatumia."

Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kwenye kabati kutafuta chumvi. Mkono ulirudi na kifuko cha nailoni, na ndani yake vipande vya udongo, ule wa kutafuna ambao kina mama wajawazito hununua sokoni. Nilikuwa nimemwona Mama akiula, lakini sikujua anauweka pale. Mama Mkubwa alikitazama kifuko. Akakikunja mdomo kama kilivyokuwa, akakirudisha palepale, akachukua chumvi.

Mama aliporudi amefuta uso, Mama Mkubwa alimwambia, "Pole, mwenzetu."

Naomba nieleze, maana mtu anaweza kuona ni neno lilelile. Mwenzangu ni mtu uliye sawa naye. Mwenzetu anaweza kuwa hivyo pia, lakini ndivyo tunavyomwita vilevile aliyenunua gari, aliyepata ajira, aliyetuacha. Mwenzetu hatumwezi. Mwenzetu ana bahati zake. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia Mama Mkubwa akimwita Mama hivyo. Mama naye alisikia. Alisimama palepale mlangoni na kitambaa mkononi.

Mama Mkubwa aliipua sufuria, akaifunika, akajitanda kitenge.

"Naliwahi basi la Makambako."

"Na dagaa hawa?" Mwalimu akauliza.

"Kuleni. Mwenye vidonda asile."

Tangu siku hiyo simu yake haikuita. Kila mwezi wa zamu yake alikuwa anapiga mapema kumwambia Mama aje na nini, kabichi au viazi, na kumkumbusha sweta kwa ajili ya upepo wa Makambako, kana kwamba mtu wa Njombe anafundishwa baridi. Julai ilipofika, Mama alitembea na simu mfukoni mwa sweta, hata akienda chooni. Aliitoa akaitazama, akairudisha. Siku moja nilimkuta ameandika jina la Mama Mkubwa tayari kupiga, kidole kiko hewani, na hakupiga.

Mwalimu alikuja kuazima jembe akakaa muda mrefu kuliko anavyokaa mtu wa jembe.

"Shemeji," alimwambia Mama, "mimi nilimwona mke wangu akibeba mimba. Najua kutapika kwa vidonda na najua kutapika kwingine. Nenda Makambako."

"Hajaniita."

"Akuite mara ngapi? Ni zamu yake."

"Basi twende wote."

"Hapo siingii. Nitarudi bila nywele."

Bibi naye alipiga simu kutoka Makete, nikamsikia mpaka nilipokaa: usiende, subiri ujifungue kwanza, huyo mtu si wa kumkaribia sasa. Mama akawa anajibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Jumapili asubuhi akaniambia nivae.

Basi lilipoipita miti ya miwati nje ya mji wa Njombe, nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu Mei.

"Mama, unamwogopa Mama Mkubwa?"

Alijifunga kitenge upya tumboni.

"Bibi yako anasema mwanamke aliyetolewa kizazi, jicho lake kwa mjamzito," akaanza, akaacha.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nimeshapoteza wawili."

Niligeukia dirishani. Nilitaka jibu jingine. Mama Mkubwa ndiye aliyenifundisha kusuka, ndiye aliyenikuta nimechafua sketi kwa mara ya kwanza akanifunga kanga yake bila kunicheka. Sasa nilikuwa najiuliza kama jicho lake lile lilikuwa na kitu, na nikaona aibu kwa kujiuliza.

Makambako upepo ulikuwa unarusha vumbi mpaka ndani ya geti. Mama Mkubwa alifungua mwenyewe. "Karibuni," alisema. Siku zote tulipitiliza jikoni, tukavulia viatu hukohuko. Siku hiyo alitusimamisha sebuleni, akatuonyesha kochi, akatuletea soda kwenye trei, na glasi, na kitambaa cha kufumwa chini ya glasi. Ilikuwa kama tumekuja kuposa. Akakaa kwenye kiti cha mbali.

"Vidonda vinaendeleaje?"

"Si vidonda," Mama akasema.

"Najua si vidonda. Nimekaa mwezi mzima nangoja uniambie. Simu ikilia nasema huyo. Kumbe ni mtu anauliza bei ya sufuria."

"Nilijua utaumia."

"Ningeumia. Kwani mimi jiwe? Ningejifungia nilie, nikimaliza ningekuletea ndimu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Hukuogopa niumie. Niliumia mbele yako hapo chumbani, ukaniosha, hukuogopa. Uliogopa jicho langu."

Nilishika glasi kwa mikono miwili. Nilikuwa namwomba Mama aseme hapana. Lilikuwa neno moja jepesi, na nadhani hata Mama Mkubwa angelipokea bila kuliamini, tukala, tukaondoka, na Jumapili zetu zingeendelea kama zamani.

"Kidogo," Mama akasema.

Bati moja lilikuwa limelegea juu ya paa, likawa linapigapiga.

"Kidogo kiasi gani?"

"Nikilala, sana. Asubuhi nikifikiri vizuri, hapana. Halafu nikilala tena, linarudi."

Mama Mkubwa akanyanyuka, akaingia jikoni. Tukasikia sufuria, tukasikia maji. Hakurudi. Mama hakusogea pale kwenye kochi, mikono juu ya tumbo, machozi yanateremka na hayafuti. Nilijua kwamba mmoja wetu anatakiwa kwenda jikoni, na nilijua si yeye.

Nilikwenda. Mama Mkubwa alikuwa anamenya viazi, amenipa mgongo.

"Na wewe," alisema. "Vidonda vya tumbo. Hata kupepesa hukupepesa."

"Niliambiwa niseme."

"Najua uliambiwa." Akatupa ganda. "Na wewe unaniogopa?"

Maneno yakachelewa, kama kawaida yao. Alinisubiri. Yeye huwa ananisubiri.

"Kwenye basi niliogopa," nikasema. "Sasa siogopi."

Alicheka kwa pua, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi, akanipa kisu cha pili. Tukamenya. Baadaye akaita kwa sauti bila kugeuka: "Harufu gani inakusumbua?"

Kisha sauti ya Mama kutoka sebuleni: "Vitunguu. Na mafuta yakiungua."

"Njoo ukae huku. Kochi hilo ni la wageni."

Alichemsha viazi kwa chumvi tu, na maharage bila kuyaunga. Chakula hakikuwa na ladha hata kidogo, na tulikula chote. Katikati ya kula alisema, "Sijakusamehe."

"Najua," Mama akajibu.

"Nakulisha tu."

"Najua."

Hawakuongea mengi zaidi ya hapo. Mama alisahau na kumwambia "mwenzangu, nipe maji", na Mama Mkubwa akampa maji bila kuitika. Nilimwona Mama akiyanywa kama dawa.

Alitusindikiza stendi kwa sababu mgeni husindikizwa, hata aliyekuudhi. Kosta ya Njombe ilikuwa karibu kujaa. Konda akamwangalia Mama, akaonyesha kwa kidole: "Mama, pita nyuma kabisa, nafasi ipo."

"Nyuma wapi?" Mama Mkubwa akamkatiza. "Nyuma kule kwenye matuta? Huoni hali yake? Mpishe mwenzangu akae mbele."

"Shangazi, mbele pamewahiwa."

"Aliyewahi ana mimba? Kama hana, anyanyuke. Mwenzangu hakai nyuma."

Kijana mmoja akanyanyuka, ananung'unika. Mama akaketi dirishani, nami pembeni yake. Mama Mkubwa alibaki nje ameshikilia kitenge kichwani kisipeperuke, bado anamfokea konda, hatutazami. Sijui kama alikisikia alichosema au lilimtoka tu kwa hasira. Gari lilipoanza kurudi nyuma aliinua mkono mara moja, akageuka akaenda zake.

Tulikuwa tumeshauacha mji nyuma yetu Mama aliponisogelea sikioni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Amesema nini?"

Alikuwa amesikia kama mimi. Nikamwambia hata hivyo: mwenzangu. Tulipofika kwenye miwati akaniuliza tena, nikamwambia tena.