Vijiko Vitatu vya Mama

Hili duka la jumla hapa Komarock nililijenga kwa mikono yangu, na shule niliiacha darasa la sita. Lakini gunia la sukari likifunguliwa, harufu yake hunirudisha kwenye chumba chetu kimoja, akina mama wa kanisa wamekaa hadi kitandani.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, kwa hivyo chai yake niliichota kabla ya kutia sukari kwenye sufuria. Mgeni mmoja alionja kikombe cha mama kwa makosa, akakunja uso.

"Dada, kwani sukari imewashinda hapa?"

Wakacheka, na mama akacheka nao. Mimi niliona aibu. Nilichukua kikombe kama ninayeongeza chai, nikatia vijiko vitatu.

Mama alionja, akanitazama, akanywa yote. "Huyu wangu anajua chai," akawaambia.

Basi nikawa namtilia kila wageni walipokuja, hata alipoanza kufunga kitambaa kwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Leo ugonjwa huo ni wangu. Nikikaribishwa chai mahali, naomba yangu bila sukari, na nasema kwa sauti, mtoto anayemimina asikie.