Kikapu cha mboga na fundo la Bi Mwanasha

Leo nimekaribia kujiandikisha kwa wale wanaoleta kikapu cha mboga za shambani mlangoni kila wiki.

Cha kuonja kimefika hapa Ukunda asubuhi. Mchicha, mihogo, ndimu. Vyote safi.

Mara akapita Bi Mwanasha, ambaye mimi hununua mboga kwake kila siku. Nikaona haya, nikakisukuma kikapu nyuma ya mlango.

Alikuwa ameshakiona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mchicha huo nimeufunga mimi. Fundo langu la ukindu nalijua. Wamenunua kwangu alfajiri."

Nikamwambia basi sijiungi, nitaendelea kununua kwake.

"Jiunge, mwanangu. Wale hawaniombi nyongeza."

Mimi huiomba kila siku.

Haya, semeni.