Hema Lisilo na Moshi

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuona vitu. Nimelelewa Mbulu, nyumba ya watu wa kanisani, na kwetu mtoto akianza habari za mizimu aliambiwa akachunge ng'ombe. Kwa hiyo hili nawasimulia nikiwa na akili zangu timamu, na ushahidi ninao hapa hapa, kwenye kidole gumba changu cha kulia. Ngojeni nifike huko.

Ilikuwa wiki chache baada ya Mlima Hanang kuteremsha lile tope lililofukia nyumba za watu. Nilikuwa nimeajiriwa kufuatilia misaada kwenye kambi moja isiyo mbali na Katesh. Watu wakishagawiwa vitu, mimi napita hema kwa hema na fomu zangu. Mmepata blanketi? Maji yanatosha? Choo kina mlango? Nani anaumwa? Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Fomu zinakwenda ofisini, na mgawo unaofuata unafuata fomu. Ukiandikwa upo, unapata unga. Ukiandikwa umeondoka, basi tena.

Sasa tulikuwa na ujanja wetu. Mahema mengi, sisi wachache, na kila kaya ilipika mbele ya hema lake kwenye mafiga. Basi asubuhi unapanda kile kilima cha nyuma ya stoo, unaangalia moshi. Hema lisilo na moshi asubuhi mbili mfululizo, wenyewe wameondoka. Na kweli wengi waliondoka hivyo bila kuaga, huyu kwa ndugu zake kule Gehandu, yule kule Getanuwas. Ujanja huo tuliurithi kwa waliotutangulia kazini, nami niliupenda kwa sababu ulinipunguzia kutembea. Hema la mwisho kabisa, upande wa korongo, nililiangalia asubuhi mbili. Halina moshi. Nikaandika: wameondoka.

Kesho yake, saa nne asubuhi, jua linawaka, nikamkuta bibi mmoja amekaa juu ya jiwe karibu na tangi la maji. Kajifunga shuka, na kuanzia kiunoni kwenda chini ni tope. Tope bichi, jamani! Linadondoka! Na mvua ilishakata, kambi nzima ni vumbi tupu. Mimi nikajisemea labda kateleza hapo bombani. Mtu hujidanganya upesi sana akiwa na kazi nyingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa makaratasi?"

"Ndiyo, bibi. Blanketi umepata?"

"Mimi baridi siisikii tena. Andika habari za mkwe wangu, mke wa mwanangu. Hema la mwisho, kule korongoni."

"Lile halina watu, bibi. Wameondoka."

Akanitazama mpaka nikashusha macho. "Umehesabu moshi wewe," akasema. "Paskalina yumo ndani na mtoto mchanga. Moto wake umezimika tangu juzi na njiti zimeisha. Yuko kwenye kilio. Ataombaje moto kwa watu?"

Hapo moyo ulinipasuka. Maana jambo hilo nililijua! Bibi yangu mzaa mama alitusimulia: kwa Wairaqw wa zamani, kabila letu, nyumba ikipatwa na kifo kibaya, inajitenga. Hawaingii kwa jirani, hawashikani mikono na watu, hawaazimi chombo, hawaombi moto, mpaka muda wao uishe, ili mkosi usimfuate mwingine. Sisi wa kanisani tuliacha, lakini wapo wanaoshika. Mtu wa namna hiyo atasimamaje kwenye foleni ya unga? Nami, mtoto wa Mbulu niliyepaswa kujua kuliko wote pale, nimemfuta.

"Kwa nini usimpelekee moto wewe, bibi?"

"Mimi sina moto, mwanangu." Alisema taratibu, bila uchungu. "Nenda wewe. Blanketi na kiberiti kipya. Usimpe mkononi. Weka chini, rudi nyuma, ataokota mwenyewe."

Mwenye akili angekimbia dakika ile ile. Mimi ni mtu wa fomu! Nikafungua karatasi, nikauliza jina. Akasema Emiliana, nikaliandika. Nikamsogezea pedi ya wino, akarudisha mkono nyuma.

"Tusishikane, mwanangu."

Nikadhani ni aibu ya asiyejua kusoma. Nikamshika kidole gumba, nikakibana kwa gumba langu la kulia kwenye karatasi kama nilivyozoea kuwasaidia wazee. Niaminini, nimeogea maji ya mto kule Mbulu mwezi wa saba, baridi naijua. Ile haikuwa baridi ya kawaida. Ilipanda mpaka kwenye kiwiko, kalamu ikaniponyoka. Nikainama kuiokota. Kuinuka, jiwe tupu, na tope linachuruzika juu yake!

Nilikimbia nyie, sijawahi kukimbia vile. Nikaingia stoo, nikanyakua blanketi na kiberiti, Mzee Tluway mtunza stoo akatoka nyuma yangu akipiga kelele, "Binti! Binti, hiyo haijaandikwa!" Nikafika hema la mwisho, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena.

"Usiingie, dada," sauti nyembamba ikajibu. "Tuko kwenye kilio."

Alikuwemo! Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu huu kwamba hayupo, na alikuwemo. Nikaweka vitu mlangoni, nikarudi nyuma hatua kumi. Mzee Tluway alipofika akihema, akaona ninavyosimama mbali, akavua kofia.

Mkono ukatoka chini ya turubai ukavuta blanketi. Halafu akatoka mwenyewe, msichana tu, mtoto kifuani. Mtoto alikuwa ameshaacha hata kulia, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaita muuguzi, akaja mbio, akanyoosha mikono ampokee. Paskalina akarudi nyuma.

"Nitawaletea mkosi," akasema.

Mzee Tluway akasogea, akanyoosha mikono yake yeye. "Mpe, mwanangu. Kama ni mkosi, mimi nimeshazeeka. Huo mkosi uje kwangu." Akampokea mtoto, akamkabidhi muuguzi. Mpaka leo nikikumbuka hapo machozi yananitoka.

Mtoto alipona. Muuguzi alisema tungechelewa siku moja tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Jioni, moto unawaka mbele ya hema, nikakaa hatua zangu kumi nikamwambia Paskalina, "Mshukuru mama mkwe wako. Ndiye aliyenituma."

"Mama mkwe yupi?"

"Bibi Emiliana. Nimeongea naye pale kwenye tangi."

Akakaa chini polepole. "Dada, huyo ndiye tunayemlilia. Tope lilimkuta jikoni anachochea moto. Mume wangu bado yuko kule anachimba kumtafuta mama yake, hatujampata."

Nikafungua fomu mbele yake. Penye jina nilipoandika mwenyewe hapakuwa na kitu. Chini yake kulikuwa na dole gumba moja, la tope, bado bichi.

Sasa kidole changu. Nilipokwenda dukani kusajili laini mpya ya simu, nikaweka gumba la kulia kwenye mashine, ikakataa. Nikafuta, nikaweka tena, ikakataa. Yule kijana wa duka akalishika akaligeuza juani. "Dada, mbona hili halina mistari?" Ni laini kabisa, liangalieni. Na ukilishika ni baridi, hata nikiota moto.

Mtoto wa Paskalina sasa anakimbia, ananiita shangazi. Hataki kushikwa na mkono wangu wa kushoto. Anashika wa kulia tu, tena anashika gumba.

Bado nafanya kazi hii, na vijana wapya wanakuja na ujanja wao wa kupunguza kutembea. Nanyi mnaosikia, iwe ni kambi, iwe ni mtaa wenu: ukimkuta mtu kalowa tope siku ya jua, msalimie, msikilize, lakini akikuambia msishikane, mheshimu. Na ukiona nyumba haina moshi, usiandike kitu kwanza. Shuka kilimani ukapige hodi. Wakinyamaza, piga tena.