Kitufe kimoja kilijibu madirisha sita: kosa la add-in yangu lilivyotaka kumfukuzisha mama wa watu

Wakuu, salaam. Mnaoandika add-in za email, yaani vijiprogramu vya kuiongezea kazi, someni pole pole. Sitaongeza chumvi, na sehemu ya kuniaibisha sitairuka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimepanga chumba Migosi, Kisumu. Kampuni moja ya samaki ikanipa kazi ya kuweka toolbar, yaani mstari wa vitufe, kwenye email ya ofisi. Mteja akiagiza samaki aina ya mbuta, karani anafungua barua, anabonyeza "Kubali", jibu linaenda.

Karani alikuwa Mama Achieng, mjane, hana mchezo na kazi.

Nilitest kwangu. Fungua barua, bonyeza, funga. Safi kabisa. Nikajiona fundi.

Wiki ya pili wateja sita wakakubaliwa kwa mpigo, na samaki waliotoka ufukwe wa Usenge walitosha mteja mmoja tu. Meneja akawaka.

"Huyu mama anabonyeza ovyo. Ijumaa ndio mwisho wake hapa."

Mama akanishika mkono. "Baba, mimi nimebonyeza moja tu. Haki ya Mungu."

Niseme ukweli: nilitamani awe ndiye mwenye kosa. Nani anapenda code yake iitwe mbovu?

Lakini nikaapa sitoki pale bila jibu. Nikavuta kiti, nikamwomba afanye kazi kama kawaida yake.

Akaunganisha modem, barua zikaingia. Akazifungua zote sita, kila moja dirisha lake. Akakata laini. Ndipo akaanza kusoma!

"Mama, mbona hivyo?"

"Simu ni ghali. Na kama sijafungua, laini ikikatwa si barua itapotea?"

Haipotei, wakuu. Lakini mimi sikuwahi kumwambia, na kwangu nilikuwa nafungua dirisha moja moja.

Hapo nikaelewa. Kila dirisha likifunguka, event, yaani taarifa ya kompyuta kuwa kuna jambo limetokea, iliamsha code yangu nayo ikaongeza kitufe. Vitufe vyote nilivipa Tag moja, yaani kitambulisho kimoja. Ukibonyeza kimoja, click inaamsha madirisha yote yaliyo wazi, na kila moja linakubali barua yake.

Dawa: kila dirisha lipate Tag yake na msikilizaji wake, yaani code inayongoja kitufe chake tu kibonyezwe, na likifungwa, msikilizaji huyo aachiliwe. Alhamisi mchana nilikuwa nimemaliza.

Ningeweza kusema tu "nimerekebisha mashine" nikajiendea. Ijumaa asubuhi nikaingia kwa meneja, nikamweleza kila kitu.

Akaniangalia. "Kwa hivyo nani anaenda nyumbani leo?"

"Ni mimi, Bwana."

Akakubali pale pale, hata chai sikukaribishwa.

Nilichojifunza: kabla hujaandika event hata moja, kaa na mwenye kazi uone mikono yake inafanya nini. Usidhani anafanya kama wewe.

Mama Achieng alifanya kazi pale mpaka akastaafu. Mimi nilitafuta kazi kwa miezi, na sijutii hata siku moja.

Haya wakuu, wewe ungesema, ama ungerekebisha na kunyamaza? Na usinidanganye.