Jumbe wa Nyumba Tano

Katika shule ya serikali niliyosoma kule pwani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakupewa cheti mpaka apeleke habari za kabila moja la bara. Mdachi aliyetufundisha alikuwa akiandika kitabu kikubwa juu ya namna watu weusi wanavyojitawala na wanavyotunzana, na kwa kuwa jua la bara lilikuwa likimdhuru, alitutuma sisi. Kila mmoja alipewa daftari la maswali. Nani anatawala? Amri yake inakomea wapi? Yatima analishwa na nani? Asiye na ndugu akiugua, nani anampa maji? Wenzangu walitawanywa huku na huko, mimi nikaangukia Ugogo, mwendo wa siku nyingi kwa miguu hadi ng'ambo ya Mlali, mahali nisipomjua hata mbwa.

Sikwenda kwa moyo, na sioni kwa nini niseme uongo sasa. Mwalimu alituahidi kwamba atakayeleta majibu safi, yasiyo na "labda" wala "wengine husema", atapewa shule karibu na kwao. Mama yangu alikuwa peke yake nyumbani na macho yake yalikuwa yakififia. Nilitaka ile shule kuliko kitu chochote duniani, na Wagogo kwangu walikuwa njia ya kuipata tu.

Nilifika mwisho wa kiangazi. Nchi ilikuwa tambarare, nyekundu, yenye miiba, na upepo ulivuma tangu asubuhi ukatia mchanga kwenye kila kitu, hata ndani ya kidau changu cha wino. Nyumba zao za tembe zina mapaa bapa ya udongo na ni fupi, hata kwa mbali unaona moshi tu unatoka ardhini. Watu hawakunitendea ubaya. Walinisalimu "Mbukwenyi," nami niliitikia "Mbukwenyi," na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha, maana sikuwa na neno la pili. Nyama yao sikuila, kwa sababu Mwislamu wa kuchinja nilikuwa mimi peke yangu na hakuna aliyeniletea kisu. Nilikula ugali wa uwele kwa mlenda, nimeegemea ukuta, huku watoto wakinitazama meno. Siku nyingine nilisoma maswali ya daftari kwa sauti, si kwa kuyahitaji, bali nisikie Kiswahili.

Mwenyeji wangu alikuwa jumbe wa pale, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye kovu begani la mizigo ya misafara. Alikuwa mpagazi zamani, ndipo alipokiokota Kiswahili chake. Hakuwa na mke. Nyumba tano za jirani zilimpikia kwa zamu, na kila jioni mwanamke mmoja alikuja na bakuli, akaliweka chini kwa mikono miwili. Yeye alivaa kofia yake nyekundu kwanza ndipo akalipokea. Nilimcheka moyoni. Mimi kijana wa shule, kanzu safi, viatu miguuni, sikumwamkia hata siku moja kama anavyoamkiwa mtu mzima. Nilimwita "jumbe" basi, naye akaniita "mwalimu" tangu siku ya kwanza, ingawa cheti nilikuwa sina.

Kwa swali la kwanza niliona kazi ni nyepesi. Nilimuuliza kila mtu, na jumbe ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Nani anatawala hapa? Jumbe. Nani anaamua mashauri? Jumbe. Mvua ikigoma, mnamwendea nani? Hapo walikohoa, kisha wakasema jumbe.

Halafu nikahudhuria baraza zao. Ya kwanza ilikuwa ya ndama aliyezaliwa katika zizi la mtu mwingine. Watu walisema wee, jumbe akasikiliza amekunja uso, kisha akatoa hukumu kwa sauti nzito na wote wakaondoka. Nyuma kabisa aliketi mzee mmoja mnene kidogo, mwenye kipembe cha ugoro. Alinusa, akampa mwenye ndama naye anuse. Sikutilia maanani. Katika baraza ya pili, ya mwanamke aliyerudi kwao, mzee yule alinusa, akampa baba wa mwanamke. Baba wa mwanamke akashinda. Baraza ya tatu sikumtazama jumbe hata kidogo. Nilikitazama kipembe. Kilipotua mkononi mwa mtu, jumbe alisafisha koo na kumpa haki mtu huyohuyo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jumbe juu ya paa, anakandika ufa. Nikapanda.

"Wewe huamui kitu hapa," nikamwambia. "Anayeamua ni yule mzee wa ugoro."

Aliendelea kukandika. "Umeona baraza ngapi?"

"Tatu."

"Akida wa Wadachi alikaa hapa mwaka mzima, hakuona." Akapangusa mikono, akaketi. "Basi nisikie, mwalimu. Yule ni mtemi. Kabla yake alikuwa kaka yake. Kaka mtu aliitwa bomani, akaenda kwa miguu yake, akarudishwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Mdachi akataka jumbe mwingine. Wazee wakakaa, wakasema tutoe mtu wa kusimama mbele. Huyu ana mama, huyu ana wajomba, huyu ana wake, akifa watalia. Mimi sina. Kwetu ni upande wa Mtera, na njaa iliwamaliza wote nikiwa safarini. Msafara wangu uliniacha hapa, mguu umevimba hivi. Nikawa nachunga ndama za watu, nakula kilichobaki."

"Kwa hiyo walikuchagua ufe badala ya mtemi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukakubali!"

Alinitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. "Mwalimu, jioni ileile mwanamke alileta ugali mlangoni kwangu. Ulikuwa wa moto. Haukuwa kiporo, wala sikuuomba. Akasema, jumbe, kula."

Chini yetu ng'ombe walikuwa wakitolewa zizini na vumbi lilipanda mpaka puani.

"Unaandika nini?" akauliza.

"Ukweli. Ndiyo kazi yangu."

"Ukimwandika mtemi, watamchukua kama kaka yake. Na mimi nitarudi kwenye ndama." Akanishika mkono, mkono wake una udongo, na kanzu yangu ikachafuka. "Niandike mimi. Sina hofu. Wakinishika huwa nawaambia, mabwana, mimi ni mdomo tu, watu hawa hawanisikii. Bwana shauri, yule Mdachi wa boma, hunitukana, hunipa kofi mbili, narudi nyumbani. Imekuwa hivyo mara nne."

Nilimuuliza pia lile swali la mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa kulijibu kuliko wote: asiye na ndugu akiugua, nani anampa maji? Akafikiri sana. "Inategemea," akasema. Nikamwambia daftari halipokei inategemea. Akacheka, akarudi kwenye ufa wake.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilifanya nilichofanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini jibu aliloliomba lilikuwa pia ndilo safi kuliko yote: kijiji kimoja, mtawala mmoja, hakuna kipembe wala mtemi aliyejificha nyuma ya watu. Nilichonga kalamu vizuri nikaandika: "Jumbe ndiye mtawala pekee wa watu hawa. Neno lake halipingwi na mtu." Nikaona sentensi imekaa vizuri, nikaipenda. Kwenye lile swali la mwisho nikaandika neno moja, "Hakuna."

Daftari moja lilikwenda pwani na matarishi. Nakala ilibaki bomani, nami nikaambiwa nisubiri jibu hapohapo, nimsaidie karani. Nilipewa chumba chenye kitanda cha kamba. Karani alikuwa mtu wa mbali aliyesema nami mambo ya kazi tu, na askari walikuwa na wake zao na kelele zao. Nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe, nikaosha chungu kimoja. Miezi ile nilisahau sauti ya mtu anayeniuliza nimelalaje.

Reli ilikuwa ikisogea kuelekea Dodoma, na boma likaamuru kila jumbe alete watu wa kuvunja mawe. Watu wa kijiji changu hawakuja. Walihama na mifugo usiku mmoja, kama walivyokuwa wakifanya siku zote amri zikizidi. Jumbe akaja peke yake, kofia kichwani, akasimama mbele ya meza ya bwana shauri. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kalamu.

"Bwana," akasema, "mimi ni mdomo tu. Watu hawa hawanisikii."

Bwana shauri hakutukana wala hakuinua mkono. Aliniambia nilete daftari la Ugogo. Nikalileta. Akafungua, akanionyesha mstari kwa kidole. "Soma."

Nikasoma. Sauti ilikuwa yangu lakini ilitoka kwa mbali. Jumbe ndiye mtawala pekee wa watu hawa. Neno lake halipingwi na mtu. Nilitaka kuendelea, niseme bwana, niliandika uongo. Lakini neno la pili baada ya hilo lingekuwa la mzee wa ugoro, na jumbe alilijua. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, aliiweka sawa kofia yake, akanyoosha mgongo.

Alipigwa kiboko palepale uani, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha akatiwa mnyororo wa shingo miezi mitatu. Mimi ndiye niliyeandika hukumu kwenye kitabu, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa karani.

Sitaki kumhangaisha msomaji: hakufa. Miaka baadaye nilikutana na mpagazi aliyepita kule, akaniambia yule jumbe mwenye kofia bado yupo, kazeeka, na nyumba zinazompikia sasa ni saba. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua mgongo tu, niliouona kila asubuhi wafungwa walipopita dirishani kwangu na madebe ya maji, jinsi ulivyokuwa ukioza kisha ukikauka, na nzi. Sikutoka nje. Nilijitia kazi nyingi. Wiki sita nzima nilimpita mtu aliyenipa paa lake kama nisiyemjua, na kila jioni nilijiambia kesho nitakwenda.

Jibu la pwani likafika. Mwalimu alifurahi mno na kazi yangu. Alisema majibu yangu ndiyo yaliyokuwa safi kuliko ya wote, na nikapewa shule umbali wa saa mbili kutoka nyumbani kwetu. Nilikaa na ile barua kitandani, nikajaribu kuifurahia. Sikuweza, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku ya mwisho, mchana, wafungwa walipokuwa wamepumzishwa kwenye kivuli cha ukuta, nilikwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nitamwambia nisamehe, nilijifikiria mwenyewe, nilitaka kwenda kwa mama. Nilimtaka anitukane. Nilihitaji matusi yake kama mtu anavyohitaji maji.

Hakuwa peke yake. Mbele yake alipiga magoti mwanamke niliyemtambua, wa nyumba ya tatu, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Askari akaniambia kwa kuchoka kwamba hawa wanawake hawaishi: huyu akiondoka, mwingine anatokea, mwendo wa siku moja na nusu kila mmoja, na unga, na mlenda mkavu, na mafuta ya samli ya kumpaka mgongo. Wanapika nje ya lango. Na mimi niliyekuwa nimekaa dirishani wiki sita sikuona, kwa kuwa nilikuwa nikigeuza uso.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Aliinua kichwa, mnyororo ukalia. "Marahaba, mwalimu!" Uso wake ulikunjuka kwa furaha. "Nilidhani wamekuhamisha. Njoo, njoo. Huyu mama hakuwepo siku ile. Nimemwambia, haamini."

"Haamini nini?"

"Lile neno. Ulilolisoma kitabuni, mbele ya bwana shauri na askari wote. Mimi nimelisahau jinsi lilivyokaa. Lisome tena, asikie."

Maneno yangu niliyoyapanga nikayaacha. Mwanamke alikuwa amegeuka, ananisubiri. Basi nikasimama pale na kanzu yangu safi, nikalisema lote kwa moyo, maana sijawahi kulisahau hata leo. Jumbe ndiye mtawala pekee wa watu hawa. Neno lake halipingwi na mtu. Akamfasiria mwanamke kwa Kigogo, polepole. Mwanamke, aliyejua vizuri kama mimi nani hasa anatawala kule kwao, hakucheka. Alipiga makofi mawili mepesi ya heshima, akainamisha kichwa mbele ya mfungwa.

Kisha akalisogeza bakuli katikati, akasogea kunipa nafasi.

"Karibu, mwalimu," akasema jumbe. "Tule."

Nikamwambia asante, nimeshiba. Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu jana yake.