Robo ya Dunia kwa Uzi wa Mama

Nimepita miji mingi bila kazi ya kunishika, lakini nikinusa mafuta ya cherehani husimama mlangoni mwa fundi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Lubutu nililala siku nne kwa sababu hiyo tu. Harufu ile hunirudisha Kindu, enzi za Zaire, kwenye baraza letu alikoshonea mama, siku alipoipima dunia.

Dada yangu mkubwa, Yaya Mauwa, alikuwa amepata nafasi ya kusomea Montreal, nauli imelipwa. Ilibaki saini ya mama tu. Mama aliiweka barua chini ya mkasi wake.

"Siwezi acha mutoto aende fasi sijue mbali yake," alisema. Yaya akaacha kula.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kwake kila mahali palikuwa na namba ya kilometa. Alitandaza ramani, akaweka rula kutoka uwanja wa ndege wa Kinshasa hadi ule wa Montreal, akapiga hesabu mara mbili.

"Karibu elfu kumi na mbili," alitangaza kwa sauti ya msibani.

Mama alicheka. "Baba Mauwa, ndege iko napita juu ya kartasi? Nguo ya muntu wa tumbo kubwa, unaipimia ku meza?"

Akamtuma Yaya kuazima tufe la dunia kwa mwalimu wake. Mama, aliyesoma miaka mitatu tu, alizungusha uzi mwekundu kwenye tumbo la dunia, akaukata, akaukunja nusu, halafu nusu tena, kama akunjavyo kitambaa cha sketi ya mviringo. Akauvuta kutoka Kinshasa hadi Montreal. Ulipungua upana wa ukucha.

"Hili tumbo njo kilometa ngapi?"

"Elfu makumi ine, mama," Yaya alijibu bila kuvuta pumzi.

"Basi njo robo. Elfu kumi na kidogo. Robo tu!"

Baba alifuta namba yake polepole. "Miaka yote hii ku reli," alinong'ona, "na sikujua hii."

Mimi nikadakia: "Mama, na kutoka hapa Kindu mpaka Kinshasa? Haukupima."

"Weye, enda uchote mayi!"

Nilibeba ndoo nikijivuna: nimemkamata fundi kwa kosa. Niliporudi, barua ilikuwa imetiwa saini.

Shule niliiacha mapema, udadisi haukuniacha. Miaka mingi baadaye, mji wa mbali, niliona tufe dukani, nikaomba uzi. Niliukunja kama mama, nikaanzia Kindu. Robo ilipitwa, tena si kwa ukucha.

Hapo nikakumbuka alichotuimbia kila siku: "Kitambaa bila nafasi ya mushono, nguo itapasuka." Mama hakuwahi kusahau nafasi ya mshono. Kipande kile cha kwanza, kutoka mlangoni petu, alikiacha makusudi, ili hesabu itoke robo tu na mtoto aende. Umbali uliobaki aliushona ndani, upande ambao hatukuuona.